Michango ya Mbunge Bungeni Kuhusu Mazingira na Maisha ya Vijijini: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Maswali haya yanahusu Bunge la Jamhuri ya Muungano wa Tanzania, na yamepangwa kwa ajili ya msomaji anayetaka kujua mbunge wake amesema nini Dodoma kuhusu misitu, maji, malisho, mashamba na wanyamapori. Kujua alichosema si kazi kubwa, kwa sababu kila neno huandikwa. Kazi iko katika kupima kama alichosema kilimbana mtu yeyote, na ndiyo maana baadhi ya majibu yaliyo hapa chini ni marefu kuliko mengine.

"Mchango" wa mbunge ni kitu gani hasa?

Kwa matumizi ya kila siku ya Bunge, mchango ni maelezo anayoyatoa mbunge wakati wa kujadili hoja iliyokwisha kuwasilishwa, iwe ni bajeti ya wizara, muswada wa sheria, taarifa ya kamati au mpango wa maendeleo. Unaweza kutolewa kwa kuzungumza ukumbini au kwa maandishi, na aina zote mbili huingia katika Taarifa Rasmi ya Majadiliano ya Bunge, ambayo wengi huiita Hansard. Nje ya hapo kuna swali la msingi, swali la nyongeza, hoja binafsi, hoja ya kujadili jambo la dharura, na pendekezo la kurekebisha kifungu cha muswada.

Wananchi huyaita yote haya michango, na hakuna ubaya. Hata hivyo, msomaji makini huanza kwa kuuliza maneno yalipitia mlango upi, kwa kuwa kila mlango humbana Waziri kwa kiasi chake. Anayezungumza dakika chache katika mjadala wa bajeti hana uhakika wa kujibiwa, kwa sababu Waziri anapohitimisha hoja yake huwa na wachangiaji wengi na muda mfupi, hivyo huchagua wa kuwajibu. Anayeuliza swali la msingi hujibiwa kwa jina lake na jina la jimbo lake. Anayeshika shilingi, yaani anayezuia mshahara wa Waziri usipite kama itakavyoelezwa hapa chini, humsimamisha Waziri mpaka aseme neno.

Mbunge hupata wapi mamlaka ya kuihoji Serikali kuhusu mambo haya?

Katika Katiba ya mwaka 1977, Ibara ya 63, inayolipa Bunge madaraka ya kuisimamia na kuishauri Serikali kwa niaba ya wananchi. Ibara hiyo inataja njia zake: kumwuliza Waziri swali lolote kuhusu mambo ya umma, kujadili utekelezaji wa kila wizara katika mkutano wa bajeti, kujadili na kuidhinisha mipango ya maendeleo, kutunga sheria, na kuridhia mikataba ya kimataifa inayohitaji kuridhiwa. Njia hii ya mwisho husahaulika, ilhali mikataba mingi ya mazingira hupita hapo. Ibara ya 27 nayo inamtaka kila mtu kulinda mali asilia ya nchi, na wabunge wanaozungumzia misitu na vyanzo vya maji huwa na msingi wa kuegemea hapo.

Mazingira na mambo ya vijijini yako chini ya wizara gani?

Hapa ndipo wengi hupotea. Mazingira yako Ofisi ya Makamu wa Rais, pamoja na mambo ya Muungano, na chombo cha taifa cha usimamizi wa mazingira, kilichojulikana kwa miaka mingi kama NEMC, kiko chini ya ofisi hiyo. Misitu na wanyamapori viko Maliasili na Utalii. Maji ya kijijini yako kwa RUWASA, wakala ulioanzishwa na Sheria ya Huduma za Maji na Usafi wa Mazingira ya mwaka 2019. Barabara ya kwenda shambani iko kwa TARURA, umeme wa kijijini kwa REA, ardhi ya kijiji kwa Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya mwaka 1999, na halmashauri zenyewe ziko TAMISEMI, yaani Tawala za Mikoa na Serikali za Mitaa.

Maana yake ni kwamba mkulima mmoja mwenye shamba kando ya mto ndani ya eneo linalopakana na hifadhi anaweza kuwa na malalamiko yanayogusa wizara tano. Mbunge wake akiyamwaga yote katika hotuba moja mbele ya Waziri mmoja, atasikilizwa kwa heshima kisha ataambiwa kwamba mambo mengine yatajibiwa na wenzake. Mbunge mzoefu huligawa tatizo: kipande cha mipaka hukipeleka siku ya Maliasili, kipande cha maji siku ya Maji, na kipande cha mita sitini, yaani marufuku ya shughuli karibu na ukingo wa mto, siku ya Ofisi ya Makamu wa Rais. Kwa hiyo anayetafuta kazi ya mbunge wake kuhusu mazingira asisome siku ya Mazingira peke yake.

Je, Sheria ya Mazingira ya Bunge hilo inatumika pia Zanzibar?

Hapana. Mazingira, kama ilivyo kilimo, si jambo la Muungano, ingawa ofisi inayoyashughulikia ina neno Muungano katika jina lake. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira Na. 20 ya mwaka 2004 ni ya Tanzania Bara. Zanzibar ina Baraza la Wawakilishi na sheria yake yenyewe.

Swali la msingi linatofautianaje na swali la nyongeza?

Swali la msingi huwasilishwa mapema kwa maandishi, hupangiwa siku, na wizara hupata muda wa kuandaa jibu. Swali la nyongeza huulizwa papo hapo baada ya jibu kusomwa, na Waziri au Naibu Waziri hulijibu kwa kichwa chake. Watu hudhani la msingi ndilo zito. Mara nyingi ni kinyume chake, kwa kuwa la msingi huwa na jibu lililokwisha kupikwa ofisini, ilhali la nyongeza ndilo linaloweza kumtoa Naibu Waziri kwenye karatasi na kumfanya ataje tarehe, kiasi cha fedha au nia ya kufika jimboni.

Siku ya Alhamisi kuna maswali ya papo kwa papo kwa Waziri Mkuu. Haya hutakiwa kuwa ya kisera, na mbunge anayeyatumia kuulizia kisima kimoja hukatishwa.

Jibu la Serikali lisomwe vipi?

Majibu huanza kwa namna ile ile: kwa niaba ya Waziri, naomba kujibu swali la Mheshimiwa, Mbunge wa mahali fulani, kama ifuatavyo. Kinachofuata kina lugha yake, na lugha hiyo inafundishika.

Ukisoma kwamba mradi utatekelezwa "kadiri ya upatikanaji wa fedha", elewa kwamba haujatengewa fedha. Ukisoma kwamba Serikali "inaendelea na upembuzi yakinifu", kuna mtaalamu aliyefika au atakayefika, lakini hakuna mkandarasi. "Tumelipokea, tutalifanyia kazi" ni adabu tu, na haimfungi mtu. Jibu lenye uzito hutaja mwaka wa fedha, kiasi cha shilingi na jina la kijiji. Jibu la namna hiyo linaweza kuchukuliwa mwaka unaofuata na kuwekwa mbele ya Waziri yule yule, au mrithi wake, kama ahadi iliyotolewa ndani ya Bunge.

Ndiyo maana kuuliza jambo lile lile mara tatu si lazima iwe dalili ya mbunge asiye na hoja mpya. Inategemea swali la pili limejengwa juu ya jibu la kwanza au limerudia tu maneno yake. Anayesema kwamba katika mkutano uliopita Serikali iliahidi kuchimba visima viwili na hakuna kilichochimbwa, anataka kujua nini kimekwamisha, huyo anafuatilia. Anayeuliza kila mwaka ni lini Serikali itapeleka maji katika kata yake, bila kugusa jibu la mwaka uliotangulia, anajaza kumbukumbu.

"Kushika shilingi" maana yake nini?

Wizara inapomaliza mjadala wa bajeti yake, Bunge hukaa kama Kamati ya Matumizi na kupitia makadirio fungu kwa fungu. Kilimo ni Fungu 43, Maji ni Fungu 49, Maliasili na Utalii ni Fungu 69, na Ofisi ya Makamu wa Rais ni Fungu 31. Kifungu chenye mshahara wa Waziri kinapotajwa, mbunge anaweza kusimama kuomba ufafanuzi wa jambo la kisera, na asiporidhika hutoa hoja ya kuondoa shilingi moja katika mshahara huo. Shilingi moja haimpunguzii Waziri chakula, lakini hoja hiyo humlazimu asimame tena, wabunge wengine wachangie, na mwisho wake ni mojawapo ya mambo mawili: mbunge arudishe shilingi baada ya kupata ahadi, au watu wapige kura.

Kwa masuala ya vijijini, hatua hii ina thamani kuliko hotuba nyingi nzuri, kwa sababu ahadi inayotolewa hapo hutolewa wakati fedha za wizara bado hazijapita. Udhaifu wake ni muda. Dakika zikiisha, mafungu yaliyosalia hupitishwa kwa pamoja, utaratibu ambao wabunge wenyewe huuita gilotini, na mbunge aliyekuwa amejipanga kushika shilingi huketi nayo mkononi. Ukisoma Hansard ya siku ya bajeti, anza nyuma. Hotuba za asubuhi zinapendeza, ila sehemu ya Kamati ya Matumizi ndiyo inayoonyesha nani alikuwa na jambo la kulipigania.

Kwa nini mbunge huikosoa bajeti vikali, kisha humalizia kwa "naunga mkono hoja"?

Swali hili huulizwa kwa uchungu, na linastahili jibu la wazi. Kwanza, chini ya Ibara ya 90 ya Katiba, Bunge likikataa kupitisha Bajeti ya Serikali, Rais anaweza kulivunja. Pili, chini ya Ibara ya 71, mbunge anayeacha kuwa mwanachama wa chama kilichompeleka bungeni hupoteza kiti chake, kwa hiyo msimamo wa chama si jambo analoweza kulipuuza bila gharama. Tatu, na hili halisemwi sana, wizara isiyo na bajeti haiwezi kumchimbia mtu kisima.

Hivyo maneno ya mwisho ya hotuba hayana habari kubwa ndani yake. Soma katikati. Kuna wanaotumia dakika zote kushukuru na kupongeza, wakabakiza sekunde chache za kutaja tatizo, na kuna wanaounga mkono hoja kwa sharti lililotajwa kwa jina na tarakimu. Wote wawili wataonekana "wameunga mkono", na hawafanani hata kidogo.

Kwa nini mijadala ya mazingira hugeuka kuwa mijadala ya barabara, maji na mipaka?

Kwa sababu mazingira, kwa mtu anayeishi kijijini, huja kwa sura hizo. Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu watu milioni 61.7 nchini, na takriban theluthi mbili yao wanaishi vijijini. Mbunge wa jimbo la namna hiyo akisimama kuzungumzia mabadiliko ya tabianchi, wapiga kura wake watataka kusikia habari za mto uliokauka na malisho yaliyopungua.

Mfano mzuri ni mita sitini. Kifungu cha 57 cha Sheria ya Usimamizi wa Mazingira kinakataza shughuli za kudumu, au zinazoweza kuathiri uhifadhi wa mazingira, ndani ya mita sitini kutoka ukingo wa mto, ziwa, bwawa au bahari. Mtu wa mjini akikisoma anaona ni kifungu cha busara, na ni kweli. Lakini katika mikoa ya Iringa na Njombe kuna vinyungu, yaani mashamba madogo ya mabondeni yanayolimwa wakati wa kiangazi kwa unyevu wa ardhi, ambayo yamelisha familia na kulipa ada za shule kwa vizazi. Amri ya kuyaacha ilipofika, wabunge wa huko walilibeba suala hilo hadi Dodoma. Upande wa pili wa hoja una nguvu pia: Mto Ruaha Mkuu, uliokuwa ukitiririka mwaka mzima, umekuwa ukikauka kwa vipindi vya kiangazi tangu miaka ya 1990, na matumizi ya maji na ardhi huko juu ni sehemu ya sababu. Mchango mzuri kuhusu mita sitini ni ule unaokiri pande zote mbili, kisha ukapendekeza jambo, kwa mfano kutenganisha kilimo cha bustani kisichogusa ukingo na kilimo kinachochepusha maji. Unaosema "wananchi waachwe walime" hautoshi, na unaosema "sheria ifuatwe" hautoshi pia.

"Kifuta jasho" na "kifuta machozi" ni nini, na kwa nini wabunge huvizungumzia kila mkutano?

Tembo akila shamba, mwenye shamba hulipwa kifuta jasho. Simba, mamba au kiboko akijeruhi au kuua mtu, familia hulipwa kifuta machozi. Malipo haya yamewekwa na kanuni za mwaka 2011 chini ya Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009. Kanuni hizo zilipotoka, kiwango cha juu cha mazao kilikuwa shilingi 100,000 kwa ekari, na cha kifo kilikuwa shilingi 1,000,000. Viwango vimekuja kupandishwa baadaye, baada ya miaka ya malalamiko bungeni.

Majina haya yanastahili kutazamwa kwa makini. Fidia ni haki, na hupimwa kwa thamani ya kilichopotea. Kifuta jasho ni pole. Mbunge anayesimama kudai "fidia" kwa wapiga kura wake hujibiwa, kwa usahihi wa kisheria, kwamba sheria haitambui fidia katika jambo hilo, na swali lake huishia hapo. Mbunge aliyesoma kanuni haingii katika mtego huo. Huuliza ni madai mangapi ya wilaya yake yamehakikiwa na hayajalipwa, ni siku ngapi hupita kati ya tathmini na malipo, na kwa nini umbali wa shamba kutoka mpaka wa hifadhi unaathiri malipo ilhali tembo hapimi umbali. Akitaka kuondoa mzizi wenyewe, huleta pendekezo la kubadili sheria ili neno fidia liingie. Hiyo ndiyo tofauti kati ya kulalamika na kuchangia, na katika suala hili inaonekana waziwazi kuliko katika jingine lolote ninalolifahamu.

Kuna ugumu ambao haki inatutaka tuutaje. Ulinzi wa wanyamapori ulipoimarika, idadi ya tembo ilianza kupona, baada ya kuanguka kutoka takriban 109,000 mwaka 2009 hadi takriban 43,000 mwaka 2014. Mafanikio hayo ya taifa yamebebwa kwa sehemu na mashamba ya watu wanaopakana na hifadhi, na mbunge wao ana sababu ya kuomba gharama hiyo igawanywe.

Suala la vijiji 975 lilifikia wapi?

Mwanzoni mwa mwaka 2019 Rais John Magufuli alisitisha uondoaji wa vijiji vilivyokuwa ndani ya maeneo ya hifadhi, na kamati ya mawaziri wanane ikaundwa kupitia migogoro hiyo. Ilielezwa baadaye kwamba kati ya vijiji na mitaa 975, vingebaki 920. Tangu hapo, "kamati ya mawaziri nane" imekuwa msemo wa kudumu katika michango ya wabunge wa majimbo yanayopakana na hifadhi, kwa sababu tangazo la kubaki halichori mpaka. Kijiji hakiwezi kupanga matumizi ya ardhi yake, wala kutoa hati za kimila, wakati hakijui ardhi yake inaishia kwenye kigingi kipi. Anayefuatilia mbunge wake katika suala hili atafute maneno matatu katika Hansard: mpaka, kigingi na tangazo la Serikali.

Kuna mfano wa michango iliyobadilisha jambo kweli?

Upo, na ni mkubwa. Oktoba 2013 Serikali ilianzisha Operesheni Tokomeza dhidi ya ujangili. Lengo lake lilikuwa halali, kwani tembo walikuwa wakiuawa kwa kasi ya kutisha. Lakini wabunge walirudi Dodoma na taarifa za wananchi waliopigwa, waliodhalilishwa, waliouawa na walioporwa mifugo. Jambo hilo lililetwa bungeni kwa dharura, wabunge wa vyama vyote wakachangia, na mwanzoni mwa Novemba operesheni ikasitishwa. Kamati ya Ardhi, Maliasili na Mazingira, chini ya uenyekiti wa James Lembeli, ikapewa kazi ya kuchunguza.

Ripoti yake ilisomwa Desemba 2013. Tarehe 20 ya mwezi huo, Waziri wa Maliasili na Utalii, Khamis Kagasheki, alijiuzulu, na uteuzi wa mawaziri wa Ulinzi, Mambo ya Ndani, na Maendeleo ya Mifugo na Uvuvi ukatenguliwa. Mawaziri wanne kwa siku moja.

Kilichofanya kazi hapo hakikuwa ukali wa maneno. Hotuba kali zilikuwapo miaka yote. Safari hii kulikuwa na ushahidi kutoka majimbo mengi kwa wakati mmoja, kulikuwa na utaratibu wa kanuni uliolazimisha mjadala siku ile ile, na kulikuwa na kamati iliyokwenda vijijini na kurudi na maandishi. Ukiondoa kimojawapo, pengine tungebaki na siku moja ya kelele.

Na mfano wa michango iliyoshindwa?

Korosho, Juni 2018. Hapo awali, asilimia 65 ya ushuru wa korosho ghafi zinazouzwa nje ilikwenda kuendeleza zao lenyewe, zikiwamo pembejeo kama salfa na miche, na asilimia 35 ilikwenda Mfuko Mkuu wa Hazina. Serikali ilileta pendekezo la kupeleka fedha zote katika Mfuko Mkuu. Wabunge wa Lindi na Mtwara, wa chama tawala na wa upinzani, walilipinga kwa hoja zilizopangwa vizuri, kamati nayo ikaliwekea mashaka, na bado marekebisho yakapita. Novemba ya mwaka huo huo ununuzi wa korosho uliingia katika mgogoro mwingine, na Rais akaagiza jeshi lizisombe na Serikali izinunue kwa shilingi 3,300 kwa kilo.

Je, michango ile ilikuwa bure? Sidhani. Iliacha kumbukumbu ya nani alisema nini kabla ya uamuzi. Lakini mkulima aliyekosa salfa ana haki ya kuona kumbukumbu kuwa malipo hafifu.

Mbunge anaweza kuleta muswada wake mwenyewe?

Anaweza, kwa utaratibu wa muswada binafsi. Ibara ya 99 ya Katiba humfungia mlango katika mambo ya kodi na matumizi ya fedha za umma, ambayo lazima yatoke Serikalini, na mambo mengi ya vijijini hugusa fedha. Kwa hiyo njia yenye matunda zaidi ni jedwali la marekebisho, yaani orodha ya mabadiliko anayopendekeza katika vifungu vya muswada wa Serikali. Ni kazi ya kimya isiyorushwa kwenye simu za watu, na ndiyo maana wachache huifanya.

Takwimu zinazotajwa katika michango ziaminiwe?

Ziaminiwe baada ya kukaguliwa. Takwimu inayosikika sana ni kwamba nchi hupoteza hekta 469,420 za misitu kwa mwaka. Ni takwimu rasmi, lakini ni wastani wa miaka ya 2002 hadi 2013, na anayeitaja kama ya mwaka jana anakosea. Nyingine ni asilimia 10 ya bajeti kwa kilimo, inayotokana na Azimio la Maputo la mwaka 2003. Hiyo ni asilimia ya bajeti nzima ya nchi, na ulinganisho wa haki hujumlisha fedha za mifugo, uvuvi na umwagiliaji.

Bajeti ya Kilimo yenyewe ilipanda kutoka takriban shilingi bilioni 294 mwaka 2021/22 hadi takriban shilingi bilioni 970 mwaka 2023/24. Ongezeko hilo ni la kweli na linastahili kusemwa. Hata hivyo, fedha zilizoidhinishwa si fedha zilizotolewa, na mbunge anayejua kazi yake huuliza zote mbili. Ripoti za Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali, ambazo hufika bungeni wakati wa mkutano wa bajeti, humpa chombo cha kuuliza kwa uhakika.

Idadi ya michango ni kipimo kizuri cha utendaji wa mbunge?

Hapana. Mawaziri hawaulizi maswali, Spika hachangii hoja, na mbunge anayefanya kazi kubwa ndani ya Kamati ya Maji na Mazingira au ya Viwanda, Biashara, Kilimo na Mifugo anaweza kuonekana kimya ukumbini. Idadi ndogo sana kwa miaka mitano, hata hivyo, inahitaji maelezo.

Hansard ipo kwa lugha gani, na hupatikana wapi?

Mijadala kwa sehemu kubwa ni ya Kiswahili, na huwekwa katika tovuti ya Bunge kwa tarehe ya kikao. Sheria zenyewe kwa miaka mingi ziliandikwa kwa Kiingereza, mpaka mabadiliko ya mwaka 2021 yalipofanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria, jambo lililowapunguzia wabunge wengi wa vijijini aibu isiyo yao. Tangu Serikali ilipotangaza, Januari 2016, kusitishwa kwa matangazo ya moja kwa moja katika televisheni ya taifa, wananchi walijifunza kwa lazima thamani ya kumbukumbu za maandishi. Kumbukumbu hizo zinabaki kuwa bora kuliko kipande cha video cha dakika moja, ambacho kwa kawaida hukatwa kabla Waziri hajajibu.

Mwananchi anawezaje kumpa mbunge wake hoja itakayobeba uzito?

Ampe maandishi, na ampe mapema. Mkutano wa bajeti huanza Aprili na mwaka wa fedha huanza tarehe 1 Julai, kwa hiyo jambo linalofika kwa mbunge mwezi Mei limeshachelewa kuingia katika makadirio, ingawa bado linaweza kuulizwa. Muhtasari wa mkutano mkuu wa kijiji wenye mhuri, orodha ya madai ya kifuta jasho yaliyohakikiwa na afisa wanyamapori wa wilaya, barua ya halmashauri iliyojibiwa au isiyojibiwa: karatasi hizi humpa mbunge kitu cha kusoma mbele ya Spika kwa tarehe na namba.

Mbunge pia ni mjumbe wa baraza la madiwani la halmashauri yake, na mambo mengi ya sheria ndogo za misitu ya vijiji, mifugo na usafi huamuliwa huko. Muswada unapofika kwenye kamati, kamati hualika maoni ya wadau, na kikundi cha wafugaji au cha watumia maji kina haki sawa ya kuandika kama shirika lenye ofisi Dar es Salaam. Mashirika huandika kila mara. Vikundi vya vijijini huandika mara chache, na wajumbe wa kamati huandika ripoti yao kwa kutumia maoni yaliyo mezani.